Shanga Zinazokula Chokaa

Katika chuo kimoja cha ufundi mjini Bungoma, ukishapita ofisi ya mhasibu ukakata kushoto penye tangi la maji, utauona mlango wa kijani uliobanduka rangi upande wa kitasa. Rangi hiyo imeliwa na vidole vyenye asidi. Ndani ya mlango huo Arafa amefanya kazi miaka kumi na tisa.

Ni fundi wa maabara. Huchanganya dawa kabla wanafunzi hawajaingia, huosha vyombo wakishatoka, na katikati husimama pembeni kuangalia asije mtu akajichoma. Walimu huja na utafiti wao, wakampa karatasi ya vipimo. Yeye akachemsha, akapima, akaandika namba. Utafiti ukichapishwa, jina lake halimo. Hakuwahi kulilalamikia jambo hilo, kwani alilelewa na fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mji bila kusaini hata moja. Ila jioni nyingine, akifunga madirisha, huwaza kwamba miaka yote hiyo hakuna kitu alichokitengeneza yeye kikatoka nje ya mlango ule kwenda kumfaa mtu.

Nyumba yake iko nyuma ya msikiti, vyumba viwili na ua mdogo. Mumewe, Abdikarim, alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake, Aaliyah, anasoma Eldoret na hupiga simu Jumapili. Kwa hiyo simu ilipolia maabarani Jumatano, wiki moja kabla ya mwezi wa Ramadhani, Arafa alijua si Aaliyah hata kabla ya kuitazama.

Alikuwa Dinah. Walisoma pamoja sekondari huko Kimilili, wakalala kitanda cha juu na cha chini miaka minne. Siku hizi Dinah ni muuguzi mkuu wa zahanati moja nje kidogo ya Saboti.

"Arafa, mashine yangu inakufa tena."

"Ile ya kuchemshia?"

"Hiyo hiyo."

Mashine yenyewe ni kama sufuria kubwa ya chuma yenye kifuniko cha kufunga kwa skrubu. Huchemsha maji mpaka mvuke wake uue vijidudu vyote kwenye mikasi na koleo za kuzalishia akina mama. Wauguzi huiita otoklevu. Lakini maji ya kisima cha zahanati ile yalijaa chokaa, na kila yalipochemka chokaa iliganda kwenye koili ya umeme ikawa gamba jeupe, gumu kama ganda la yai. Gamba likinenepa, koili huungua. Mbili zilikwisha kuungua, na hii ya tatu ilikuwa njiani.

"Si mtumie maji ya mvua?" Arafa akauliza.

"Tangi limepasuka tangu mwaka jana, bana. Linalala mijusi. Sikiza. Yule Mbogo wa vifaa amesema atakuja wiki moja baada ya Idi yenu. Akikuta gamba tena, anaibeba mashine aipeleke kwa zahanati yenye maji mazuri. Ameniambia hivyo mbele ya watu. Na mimi akina mama wangu nitawazalisha na nini? Niwaambie wangoje, ati tunaenda Kitale?"

Arafa alitazama rafu ya juu kabisa, ambako zilikaa chupa tatu za kioo cheusi zilizosahauliwa na mwalimu mmoja aliyehamia chuo kingine. Kando ya chupa kulikuwa na daftari la utafiti wa mwalimu yule. Mwandiko uliolijaza ulikuwa wa Arafa.

"Nipe mpaka Idi," akasema. "Nitakutengenezea kitu cha kula hiyo chokaa."

"Kitu gani?"

"Shanga."

Dinah akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nitazivaa kiunoni."

Shanga zenyewe hutengenezwa hivi. Kuna mafuta yenye harufu kali, yanaitwa stairini. Ukiyachanganya na dawa nyingine mbili za chupa zile, moja ya kuyafunga na moja kichocheo, kisha ukayatia kwenye maji ya moto na kuyakoroga kwa mwendo mmoja, hukatika yakawa matone. Ukiendelea kukoroga saa sita bila kupumzika, kila tone hugeuka kuwa punje ngumu ya plastiki. Punje hizo huchomwa kwa asidi ya salfa, na salfa ikajishika kwenye plastiki kama kupe kwenye ng'ombe. Tangu hapo kila punje ina mikono mingi midogo isiyoonekana. Maji ya chokaa yakipita katikati yake, mikono hudaka chokaa na kuachilia chumvi kidogo badala yake. Mikono ikijaa, unazimwagia punje maji ya chumvi, nazo hutapika chokaa zikaanza upya. Ni kazi ya kubadilishana tu, kama sokoni.

Shida iko kwenye matone. Hayapendi kukaa mbalimbali, yakigusana hushikana. Lazima yavikwe kitu, kila tone na koti lake, mpaka yawe magumu. Unga wa kuyavika, ule wa dukani, ulikuwa umekwisha, na kuagiza mwingine kungechukua miezi miwili. Arafa akajaribu bila unga, akitumaini mota ya kukorogea ikienda kasi itatosha. Saa nne baadaye mota iliguna ikasimama. Ndani ya chupa kulikuwa na bonge moja jeupe.

Msaidizi wake, Wabwile, mzee wa miaka hamsini na sita ambaye aliajiriwa hata kabla yake, alikuja akainama, akalitazama bonge kwa heshima zote.

"Madam," akasema, "hii si shanga. Hii ni ugali. Niite watu na mboga?"

"Nenda huko, Wabwile."

"Hapana, nauliza tu. Imeiva vizuri."

Usiku huo hakuna lililomjia. Lililomjia lilimjia asubuhi, akipita mbele ya bucha na kuona makongoro ya ng'ombe yamepangwa mezani. Mchuzi wa makongoro ukilala huganda ukatikisika kama jeli. Na kitu kinachougandisha ni jelatini, ambayo zamani, kabla ya unga wa dukani, watu wa viwandani waliitumia kuvika matone. Alilikumbuka hilo kutoka kwenye somo moja la chuoni, mwalimu akilisema haraka haraka kengele ikikaribia kulia. Akanunua makongoro manne, akayapeleka jikoni kwa Nangila.

Nangila ndiye mpishi mkuu wa chuo. Kwao ni Matulo. Ni mwanamke wa mabega mapana, na sufuria za wanafunzi mia nne huzigeuza kama mtu anayegeuza chapati. Siku hiyo ilikuwa ya kwanza ya mfungo.

"Nichemshie haya mpaka yaachie mfupa," Arafa akamwambia. "Lita sita. Lakini usitie chumvi, usitie kitunguu, usitie chochote. Si ya kula. Ni ya mashine."

Nangila akamtazama usoni, akatazama midomo yake iliyokauka, akatazama makongoro.

"Ya mashine."

"Ya mashine, dada."

"Sawa, Mama Aaliyah," Nangila akasema polepole. "Ya mashine."

Mchuzi ulikuja kesho yake, umechujwa vizuri. Arafa akauacha upoe, akaengua mafuta yaliyoelea juu, akaweka kijiko kimoja kwenye kichupa kidogo na kuandika tarehe, kwa maana hana tabia ya kutumia kitu chochote bila kubakiza sampuli. Kisha akamimina mchuzi kwenye maji ya chupa ya kukorogea, akawasha moto chini yake, akamimina stairini, akawasha mota.

Saa ya tatu akaangaza tochi kwenye kioo. Matone yalikuwa yakizunguka, kila moja peke yake. Saa ya sita akazima mota, na punje zikashuka chini taratibu zikakaa, nyeupe, za mviringo, sawasawa kama zimechaguliwa. Maji juu yake yalikuwa maangavu.

Wabwile akachota kidogo kwenye kiganja. Safari hii hakufanya mzaha mara moja. Alizisukuma kwa kidole.

"Wimbi," akasema. "Wimbi nyeupe, kama ya uji. Mama yangu angeona hii angeuliza mbegu."

Siku iliyofuata akazichoma kwa asidi ndani ya kabati la kunyonya moshi, zikageuka rangi ya chai ya rangi. Halafu ikaja kazi ya kuziosha, na hapo ndipo wengi huharibu. Punje zilizotoka kwenye asidi kali huwa na kiu isiyo ya kawaida. Ukizitia kwenye maji safi mara moja, hunywa kwa pupa, zikavimba, zikapasuka. Inabidi uziondoe kwenye asidi kali uziweke kwenye asidi iliyopunguzwa kidogo, uziache. Kisha iliyopunguzwa zaidi, uziache. Hivyo hivyo siku tatu, mpaka maji yatakapokuwa maji. Arafa aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Abdikarim alipofariki, watu walimtaka acheke kabla ya arobaini kwisha. Waliokuwa wema kwake ni wale waliokuja, wakakaa, wakazungumza habari za bei ya mahindi, wakaondoka. Alibadilisha maji ya punje asubuhi na jioni, bila haraka, huku redio ya Wabwile ikisema peke yake dirishani.

Mwisho akazipima. Alikausha gramu moja, akailaza kwenye maji ya chumvi ili mikono yote iachilie asidi iliyoshika, kisha akaanza kuidondoshea asidi hiyo magadi makali kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za vipimo, tone moja moja, akingoja maji yageuke rangi. Kiasi cha magadi ndicho kinachosema idadi ya mikono. Punje ikipata mbili, ni dhaifu. Za kiwandani hufikia nne na nusu. Tone likaanguka, maji yakawa ya waridi, yakakaa waridi. Akasoma bureti. Akafanya hesabu kwenye daftari. Akafuta, akafanya tena.

Nne nukta tano.

Jioni, baada ya tende na maji na swala, alimpigia Dinah. "Nimepata. Lakini chupa yangu ni ndogo, imetoa kikombe kimoja tu cha chai. Mtungi wa kuchujia maji ya zahanati yako unahitaji sita."

"Basi bado vitano. Siku ziko."

"Siku ziko," Arafa akakubali.

Makongoro mengine manne, bucha ile ile, Nangila yule yule. Mchuzi ukaja. Stairini ile ile, mota kwa mwendo ule ule, moto ule ule. Saa ya sita alipozima, hakuna kilichoshuka. Chupa nzima ilikuwa nyeupe kama maziwa, na ukingoni mwake kuna mabonge machache yaliyoshikana. Alipochuja, maziwa yalipita yote kwenye chungio. Punje zilikuwa ndogo mno hata hazikustahili kuitwa punje.

Akafikiri ni yeye. Labda njaa ilimtia usingizi, labda alisoma vibaya kipimajoto. Akarudia na mchuzi uliobaki, safari hii akiandika joto kila baada ya dakika kumi. Maziwa tena.

Nusu ya mwezi ilikuwa imekwisha. Aliketi kwenye kigoda chake mbele ya dirisha, mikono mapajani. Wabwile alipoingia na ndoo, akamkuta hivyo.

"Madam, umefunga mpaka kuongea?"

"Wabwile, mara ya kwanza tulifanya nini ambacho sasa hatufanyi?"

Wabwile akaweka ndoo chini. Alifikiri kweli kweli, akikuna shingo. "Mara ya kwanza nilikuwa na viatu vingine."

Arafa akacheka bila kutaka. Lakini kicheko kilimfungua. Akainuka akaanza kupima kitu kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Stairini ya chupa ile ile. Kichocheo kile kile. Maji ya bomba lile lile. Kilichobaki ni mchuzi. Akatoa vichupa viwili kwenye friji, cha kwanza na cha pili, akavishika kwenye mwanga. Rangi moja. Karatasi ya kupimia asidi ikasema mamoja. Mtu mwingine angeonja, lakini maabarani hakuna kuonja, na hata kama kungekuwapo, alikuwa na saumu. Akabaki na njia ya chupa za dawa. Alichukua ya nitrati ya fedha, dawa inayotumika kutafuta chumvi mahali ambapo jicho haliioni, akadondosha tone moja kwenye kila kichupa.

Mchuzi wa pili ulifanya ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo. Mchuzi wa kwanza ulilipuka weupe, ukaganda, ukazama kama mtindi.

Arafa alisimama na vichupa viwili mkononi, kisha akavua koti la maabara, akalitundika, akaenda jikoni.

Nangila alikuwa akichambua maharagwe. Arafa akavuta kigoda akaketi karibu naye, akaanza kuchambua pia.

"Nangila. Yale makongoro ya kwanza, ulitia chumvi?"

"Chumvi?" Nangila hakuinua kichwa. "Si ulisema nisitie?"

"Nilisema."

"Basi. Mimi ni mtoto nisisikie?"

"Ilikuwa na chumvi, dada. Nimeuliza chupa ikaniambia."

"Chupa gani hiyo inasengenya watu?"

"Sikuja kugombana. Ile yenye chumvi ndiyo ilifanya kazi. Hii ya pili imeharibika yote."

Mikono ya Nangila ikasimama juu ya maharagwe. Akamtazama Arafa kwa mara ya kwanza tangu aingie, kuona kama anatania.

"Ati ilifanya kazi?"

"Vizuri sana."

"Ngai." Nangila akajifuta mikono kwenye leso. "Sikiza, Mama Aaliyah, usikasirike. Wewe ulikuja hapa siku ya kwanza ya kufunga. Midomo imekauka kama shamba la Februari. Unaniambia nikuchemshie supu ya makongoro, ati ni ya mashine. Mashine gani inakunywa supu? Mimi nikasema moyoni, huyu mama anaona haya. Mume hayuko, mtoto hayuko, jioni anafungua na nini kwa hiyo nyumba? Anataka supu na hawezi kusema. Nikasema wacha nisimwaibishe. Atasema ni ya mashine na mimi nitasema ni ya mashine. Lakini supu bila chumvi, hapana. Hiyo ni matusi. Nikaweka chumvi ya mtu."

Arafa alitazama maharagwe.

"Na ya pili?"

"Ya pili Wabwile aliniambia. Alikuja hapa kuomba ukoko, akaniambia ameona kwa macho yake unamwaga supu yangu kwa mashine." Akainua kidevu. "Niliumia kidogo, sitakudanganya. Chumvi yangu inaenda kwa mashine? Nikakuletea vile ulitaka. Maji ya mifupa."

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko wote wawili, hata msichana aliyekuwa akiosha sinia akageuka. Nangila alicheka huku akimpiga Arafa begani, na Arafa alicheka mpaka akashika mbavu na kuomba msamaha kwa saumu yake.

Sababu ilikuwa nyepesi, na Arafa alijilaumu kwa kutoifikiri mapema. Maji matupu huruhusu stairini kidogo iyeyuke ndani yake, na hiyo iliyoyeyuka ndiyo inayozaa maziwa. Maji yenye chumvi huyafungia mafuta mlango. Mafuta hubaki kwenye matone yake.

"Ulitia kiasi gani?" akauliza.

"Mkono."

"Mkono kiasi gani?"

"Mkono, mkono! Huu." Nangila akaukunja wake kama bakuli. "Kwa sufuria ya lita sita ni mkono mmoja. Nimepika miaka ishirini na mbili, sijawahi kutumia kijiko."

Arafa akasimama. "Njoo nao."

Ndivyo Nangila alivyoingia maabarani kwa mara ya kwanza, katika chuo alichokilisha miaka yote hiyo. Alisimama mlangoni akivuta leso yake, akitazama chupa kana kwamba moja inaweza kumtaja jina. Wabwile akamwekea kitambaa safi mezani kama mgeni rasmi. Arafa akaweka bakuli la chumvi, na kando yake mizani ya kioo, ile inayoona hata uzito wa unywele.

"Tia vile unavyotia jikoni."

Nangila akachota, akamwaga. Namba zikacheza, zikatulia. Gramu hamsini na nne.

"Tena."

Hamsini na tano.

"Tena."

Hamsini na nne.

Wabwile akapiga mluzi. "Madam, wanafunzi wako wa mwaka wa tatu wanaweza hivi?"

"Hata mimi siwezi," Arafa akasema. Na alisema kweli. Alijaribu, akapata arobaini na moja, halafu sitini na mbili. Nangila akamtazama kwa huruma. Kisha Arafa akalifungua daftari na kuandika: *chumvi, gramu 54 kwa lita sita, kwa mkono wa Nangila.* Nangila akainama kusoma, akasoma mara ya pili, akakiweka kidole chake chini ya jina bila kuligusa.

Siku tano zilizofuata chupa haikupoa. Kila alfajiri, baada ya daku, Arafa alitembea hadi chuoni kabla ya jua, akawasha moto. Nangila alileta mchuzi mwenyewe, hakumtuma mtu, na hakuondoka mpaka aone matone yakianza kuzunguka. Vikombe vitano vikapatikana. Wakavichoma vyote pamoja kwa asidi, na siku tatu za kuosha zikapita bila punje hata moja kupasuka.

Lakini Mbogo alikuwa amemwambia Dinah kwamba hatakubali kitu cha kutengenezwa nyumbani bila karatasi ya maabara nyingine. Kwa hiyo Arafa alikwenda Kitale, na mtungi wa punje mapajani. Kulikuwa na baridi ya asubuhi ya huko, ile inayokufanya uvae sweta na kulivua saa tano. Maabara ya maji ilikuwa chini ya Gathii, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuchukua mtungi, akautikisa, akauinua dirishani.

"Umetoa kiwanda gani hizi?"

"Zimetoka Bungoma, mzee."

"Bungoma kuna kiwanda?"

"Kuna bucha."

Alimweleza yote. Gathii alisikiliza bila kutabasamu, akaziweka chini ya hadubini, akazitazama muda ambao Arafa aliuona mrefu kuliko mwezi mzima wa kufunga. Punje zilikuwa mviringo mtupu, angavu, zisizo na ufa. Kisha akapima kwa njia yake mwenyewe, kwa bureti yake mwenyewe, mgongo akiwa amempa Arafa. Hakumruhusu kusoma namba kabla hajaiandika.

Nne nukta nne.

"Wewe ulipata ngapi?" akauliza.

"Nne nukta tano."

"Hiyo moja ni macho yangu. Yamezeeka." Akagonga muhuri. Penye mstari wa mtengenezaji akampa kalamu. Arafa alishika kalamu kidogo kabla ya kuandika. Akaandika majina matatu: lake, la Nangila na la Wabwile. Mstari haukutosha, la Wabwile likapanda juu ya muhuri.

Dinah aliufunga mtungi kwenye bomba siku tatu kabla ya Idi, yeye na fundi wa kijijini. Arafa hakulala vizuri tangu siku hiyo. Idi yenyewe ilimkuta akifikiria koili. Aaliyah alikuja nyumbani, wakapika, wakatembelea jamaa, na katikati ya pilau binti akamwambia, "Mama, uko hapa au uko Saboti?"

"Niko hapa," akasema, lakini wote wawili walijua.

Siku ya Mbogo, Arafa aliomba ruhusa akaenda. Mbogo alikuwa mtu mnene, mpole kuliko alivyomfikiria, mwenye gari la kubebea mzigo lililoegeshwa kinyumenyume mlangoni, tayari. Hakuketi. Alivua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni, akafungua skrubu za mashine moja baada ya nyingine. Dinah alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Mashine ilikuwa imechemka kila siku kwa siku kumi. Maji ya zamani yangekuwa yamekwisha kuacha gamba la unene wa ukucha.

Kifuniko kikainuka. Mbogo akaingiza mkono, akapitisha kidole kwenye koili kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakitoa, akakitazama. Akakipitisha tena, upande wa chini safari hii, mahali ambapo watu hawasafishi.

"Mmeisugua asubuhi," akasema.

"Haijasuguliwa," Dinah akajibu. "Nusa. Gamba halitoki bila siki, ungesikia harufu yake."

Mbogo akanusa. Akaomba karatasi ya Kitale, akaisoma mpaka chini, midomo ikitaja majina.

"Hizi punje zinakaa muda gani?"

"Ukizilisha chumvi kila baada ya wiki mbili, miaka," Arafa akasema. "Chumvi ya kawaida. Ya jikoni."

Kabla Mbogo hajajibu, sauti ilisikika nje. Mwanamke mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alikuwa akishushwa kwenye pikipiki, mama mkwe wake akimshika kiuno na kuwapigia kelele watu wote wapishe. Dinah aligeuka mara moja, uso wake ukawa mwingine.

"Bwana Mbogo, kama unabeba, beba sasa hivi. Kama hubebi, nitokee hapa chumbani, nina kazi."

Mbogo alitazama mlango, akatazama mashine. Akavaa saa yake.

"Sibebi," akasema. "Nani ataibeba ikiwa na kazi hivi?" Akatoka nje, akamwambia dereva aligeuze gari.

Dinah alikwisha kuvaa glovu. Alikuwa akitoa koleo na mikasi kwenye sinia, moja moja, bado zikiwa na joto, akizipanga juu ya kitambaa cha kijani. Hakumtazama Arafa. "Na wewe toka, mpenzi," akasema. "Nitakuita."

Arafa akatoka akaketi kwenye benchi la wagonjwa, kando ya mama mkwe. Hakuwa na chupa ya kuosha wala namba ya kuandika. Kwa mbali, mlima ulikuwa umefunikwa na wingu. Mama mkwe akamwuliza kama yeye ni daktari.

"Hapana, mama," akasema. "Mimi ni wa maji."

Yule mama akasogea kidogo kumpa nafasi, na wote wawili wakaegemea ukuta, wakisikiliza.